Mpira Begani, Pumzi Kifuani

Ukifika kwenye ghala la nafaka ukauliza, "Mwenye nguvu hapa nani?" watakuonyesha Winchi. Jina lake la kuzaliwa lipo, lakini ukimwita kwa hilo anachelewa kugeuka. Kazi yake ni kushusha magunia. Anachukua gunia kwenye lori, analitua kwenye mizani, anarudi. Kutoka lori mpaka mizani ni hatua chache tu. Katika hatua hizo, jamani, Winchi hana mpinzani.

Wachukuzi wa ghala lile wana mtindo wao. Asubuhi hawali. Chai kavu, basi. "Ukila unabeba mizigo miwili," husema. Kisha mtu anavuta hewa, anajaza mashavu, anafunga mdomo kabisa. Gunia linapanda begani. Mbio! Hapumui mpaka gunia litue.

"Pumzi ndiyo nguvu," Winchi huwaambia wageni wa kazi. "Ukiitoa njiani, nguvu yako imemwagika."

Na gunia linafika. Sasa nani atambishia mtu ambaye gunia lake linafika?

Winchi ana binti. Nyumbani wanamwita Tiara, kwa sababu tangu utotoni ni mwembamba na hatulii chini. Tiara alimaliza shule akiwa na neno moja tu mdomoni: zimamoto. Lilianza siku alipomwona mwanamke wa zimamoto akitoka ndani ya moshi. Alikuwa amembeba mtoto wa watu. Mtoto anakohoa, lakini mzima. Kesho yake Tiara akasema, "Mimi nitafanya kazi ile." Hakubadilisha maneno tena.

Kuingia zimamoto kuna jaribio. Uwanjani kwao kuna mnara mrefu wenye ngazi. Unatwishwa mpira wa maji uliokunjwa, ule mzito wa kuzimia moto. Unapanda nao mpaka juu bila kukaa chini. Juu kabisa anakungoja ofisa. Ukifika, unampa taarifa kwa sauti: umepita wapi, umeona nini, mpira uko wapi. Asipokuelewa, umeshindwa. Kwenye moto wa kweli hakuna muda wa kupumzika kwanza ndipo useme.

Winchi aliposikia habari za ngazi, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, mbona hiyo ni kazi ya nyumbani? Baba yako nani?"

"Winchi."

"Basi!"

Akamfundisha mtindo wa ghalani. Asile. Afunge pumzi. Aanze kwa mbio. Mama Tiara alisikiliza weee, mwishowe akashindwa kunyamaza.

"Mtoto anakwenda kupanda mnara, Baba Tiara. Mwache ale."

"Mke wangu, hili niachie mimi. Wewe umewahi kubeba gunia?"

"Nilimbeba huyo miezi tisa. Na nilikuwa nakula."

Winchi akajifanya hakusikia.

Siku ya jaribio ikafika. Tiara alitoka nyumbani na tumbo tupu. Winchi alisimama kwenye uzio wa uwanja, kifua mbele. Filimbi ikalia. Tiara akafyatuka! Ghorofa ya kwanza ya mnara aliipita kama anafukuzwa na nyuki. Watu wakapiga makofi. Winchi akawaambia waliokuwa karibu, "Huyo wangu."

Ghorofa zilizofuata, miguu ikawa mizito. Winchi alimwona binti yake akishika ukuta. Akapanda kidogo. Akashika ukuta tena. Kisha akakaa chini, mpira mapajani, kichwa kimeinama. Makofi yakakoma.

Ofisa aliteremka akaja mpaka kwenye uzio.

"Nguvu anayo," akasema. "Pumzi hana. Arudi awamu ijayo. Lakini mwelewe, tunampa mtu nafasi mbili tu. Akishindwa tena, basi."

Karibu na nyumbani Tiara akaanza kulia.

"Baba, nilifanya kila kitu ulichoniambia."

Maneno hayo yalimchoma Winchi kuliko tusi. Lakini mwanamume yule ni mbishi, hilo lazima niliseme. Kesho yake akaja na jibu.

"Hukufunga pumzi sawasawa. Twende kwenye ngazi zetu. Tutarudia mpaka ushike."

Familia ya Winchi inakaa chini kabisa katika jengo refu lisilo na lifti. Juu kabisa anakaa muuguzi wa zahanati, ambaye jengo zima linamwita Sista. Kwa ujirani, Tiara humwita mama mdogo, naye humwita Winchi shemeji. Jioni ile Sista alikuwa anarudi kutoka kazini, miguu inamuuma. Akamkuta Tiara ameketi kwenye ngazi, midomo imempauka, na Winchi anampigia kelele.

"Nani anamfukuza mtoto kwenye ngazi zetu?"

"Ni mazoezi, Sista."

"Ya kuishi au ya kufa?" Sista akainama, akamshika Tiara kifundo cha mkono, akahesabu mapigo ya moyo. "Leo umekula nini, mwanangu?"

"Chai kavu, mama mdogo."

Sista akamgeukia Winchi. Akamtazama tu. Kuna watu wanaweza kukutukana kwa macho.

"Kesho njooni zahanati," akasema. "Wote wawili."

Zahanati walimsikiliza Tiara moyo na mapafu. Wakamtoa damu kidogo.

"Damu ndiyo inayobeba hewa mwilini," Sista akaeleza. "Mtu akipungukiwa damu, anachoka hata akijitahidi vipi. Lazima tuangalie kwanza."

Damu ya Tiara ilikuwa safi, na ya kutosha. Moyo mzuri. Mapafu mazuri. Ikawa zamu ya Winchi. Kipimo cha shinikizo la damu kilimkaba mkono, kikaachia. Sista akasoma, akakunja uso.

"Limepanda kidogo, shemeji. Ukishatua gunia unaona kizunguzungu?"

Winchi akatazama picha iliyobandikwa ukutani.

"Shemeji?"

"Picha yenu hii ni nzuri sana," akasema Winchi.

"Ukifunga pumzi huku umebeba mzigo, shinikizo linapanda ghafla. Ukiachia linashuka ghafla. Ndiyo maana unaona giza. Uache huo mchezo."

Winchi alitoka pale amenuna. Jioni, kwenye ngazi za jengo lao, akaanza kunung'unika. "Huyu kazi yake sindano. Gunia atalijulia wapi?"

Hakujua Sista yuko nyuma yake, ametoka kazini.

"Sawa, shemeji," Sista akasema. "Nina gunia langu la mkaa pale chini kwa mlinzi. Lipandishe kwangu, kwa mtindo wako huo huo. Ukifika bila kulitua, mimi sitafungua mdomo tena."

Majirani wakatoka milangoni. Burudani ya bure nani anaikataa? Winchi akavua shati. Akavuta hewa, akajaza mashavu, akafunga mdomo. Gunia likapanda begani. Mbio!

Ghorofa ya kwanza alikuwa Winchi yule yule wa ghalani. Watoto walikimbia nyuma yake wakimshangilia. Baada ya hapo kifua kikaanza kudai hewa. Akakikatalia. Mapaja yakaanza kuwaka. Akang'ata meno. Mbele kidogo mdomo ukafunguka wenyewe, pumzi ikatoka kwa kishindo, na magoti yakalegea. Alitaka hewa kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Gunia likatua. Winchi akakaa kando yake.

Watoto wakacheka. Winchi hakuwahi kutua gunia njiani tangu aanze kazi. Alitamani ngazi zipasuke zimmeze.

Tiara akaja, akakaa karibu naye.

"Hapo hapo, Baba," akasema taratibu. "Na mimi ilikuwa hivyo hivyo. Nilitaka kupanda. Miguu ilikataa."

Winchi akamtazama binti yake. Siku zote hizi alidhani mtoto amelegea. Kumbe yeye ndiye aliyempandisha vibaya. Aibu ya gunia ikaondoka, ikaja nyingine, kubwa zaidi.

"Nisamehe, mama," akasema.

Sista hakucheka. Waliuchukua mkaa polepole, wakipumua, wakipumzika, mpaka ukafika. Mama Tiara naye akapanda, maana alisikia vicheko akataka kujua anachekwa nani. Barazani kwa Sista kulikuwa na jiko la mkaa. Sista akaliwasha.

"Swali langu moja," akasema Winchi. "Mbona ghalani nafika?"

"Kwa sababu ghalani njia ni fupi. Misuli ina akiba ndogo ya nguvu, ya kutumia papo hapo bila kungoja hewa. Ni kama hivi." Sista akatupa karatasi jikoni. Ikawaka fyaa, ikaisha. "Umeona? Kutoka lori mpaka mizani, karatasi inatosha. Kwenye mnara haitoshi. Ukilazimisha, misuli inajaa uchafu wa kazi, inawaka, inagoma."

"Kwa hiyo sikukosea ghalani?"

"Nguvu yako ni ya kweli, shemeji. Ila ulimpa mtoto karatasi apikie maharage."

Mama Tiara akacheka mpaka akajifuta macho. Winchi naye akacheka, ingawa kwa shida.

Sista akafunga kidirisha cha chini cha jiko. Mkaa ukafifia. Akakifungua. Ukawa mwekundu tena.

"Mkaa upo, lakini bila hewa hauwaki. Hewa ikiwepo bila mkaa, utapuliza mpaka ukome. Mwili unataka vyote viwili. Mkaa ni chakula. Hewa ni hii tunayovuta. Ndani yake kuna kitu kinaitwa oksijeni. Mapafu yanaichukua, damu inaibeba, moyo unaisukuma mpaka kwenye misuli. Humo chakula kinaungua pamoja na oksijeni, bila moto wa kuonekana. Ndipo unapata nguvu na joto. Hewa chafu inayobaki inatoka na pumzi."

"Ndiyo ninayoifungia ndani," akasema Winchi.

"Ndiyo unayoifungia ndani. Na mpya unaizuia mlangoni."

"Na chakula kinafikaje mguuni, mama mdogo?" akauliza Tiara.

"Viazi, wali, mkate, ndizi, vyote vinageuka sukari tumboni. Sukari inaingia kwenye damu. Nyingine inawekwa akiba kwenye misuli na kwenye ini. Halafu kuna mafuta ya mwilini. Hayo ni akiba kubwa, lakini yanaungua polepole, na bila oksijeni hayaungui kabisa. Ukienda mwendo wa taratibu unatumia mafuta mengi. Ukiongeza kasi, mwili unadai sukari. Sasa wewe umekwenda na chai kavu."

"Mimi nilisema," akasema Mama Tiara. "Mimi nilisema ale. Nani alinisikia?"

"Nimesikia sasa," akasema Winchi.

"Kuna jambo jingine," Sista akaendelea. "Ukianza kwa mbio, moyo na mapafu bado havijaamka. Vinahitaji dakika chache kufikia kasi ya miguu. Anza taratibu, ongeza kidogo kidogo. Na fanya mazoezi mara kwa mara. Moyo utapata nguvu, kila pigo litasukuma damu nyingi zaidi. Hata mishipa midogo ya damu ndani ya misuli inaongezeka."

"Nitajuaje kama mwendo wangu ni sawa?"

"Ongea. Ukiweza kusema sentensi nzima huku unapanda, oksijeni inatosha. Ukianza kusema neno moja moja, punguza."

"Basi mke wangu anaweza kupanda mlima wowote," akasema Winchi. Mama Tiara akamrushia kitambaa cha kushikia sufuria, kikampata usoni.

Sista akainua kidole. "Lakini kifua kikibana au kikiuma, au ukitaka kuzimia, unaacha hapo hapo na unakuja zahanati. Hapo sitaki ubishi, wewe hasa, shemeji."

Tangu siku ile nyumba ikabadilika. Mama Tiara akashika madaraka ya asubuhi. Viazi vya kuchemsha, maharage, chai ya maziwa. Walikula mapema, tumbo likatulia kwanza. Maji ya kunywa hayakukosekana. Jioni baba na binti walipanda ngazi pamoja, kila mmoja na mfuko wa mchanga begani, mdogo kwanza. Walianza kwa mwendo wa mtu anayekwenda kusalimia. Sharti lilikuwa moja: kuongea.

Winchi alichagua kusimulia visa vya msimamizi wa ghala.

"Basi msimamizi... akaja... aka..."

"Akafanyaje, Baba?"

"Aka... ngoja kwanza."

"Punguza mwendo, Baba. Oksijeni haikutoshi."

Loo! Mwanafunzi amekuwa mwalimu. Winchi akapunguza. Kisa cha msimamizi kilichukua jioni nyingi kumalizika, na kila jioni kilikatikia ghorofa ya juu zaidi.

Siku moja Tiara alikosa subira. Alisikia jirani akisema awamu mpya imekaribia, roho ikamruka. Akaanza kwa mbio kama zamani. Katikati ya ngazi akakwama, akatupa mfuko.

"Sitaweza, Baba. Nafasi ni moja tu imebaki. Nikishindwa tena nitafanya nini?"

Winchi wa zamani angepiga kelele. Huyu alikaa, akamwacha aheme.

"Hema kwanza," akasema. "Mwili unafidia hewa uliyoukosesha. Ukitulia tutaanza upya kutoka chini. Tena leo wewe ndiye utakayenisimulia. Hebu niambie, yule mwanamke wa zimamoto alikuwaje?"

Wakashuka. Wakaanza upya. Tiara akasimulia habari za moshi, za yule mtoto, za watu walivyolia. Alipofika mwisho wa maneno, walikuwa wamesimama mbele ya mlango wa Sista. Hakuwa amekatiza sentensi hata moja.

Ghalani nako walishangaa kumwona Winchi na bakuli la viazi asubuhi. "Winchi kazeeka!" wakasema. Akawaacha waseme. Akabeba huku anatoa pumzi kwa sauti, "Pfuu! Pfuu!" Wakamcheka tena. Lakini mchana wao walikuwa wamelala juu ya magunia, yeye bado anashusha. Kizunguzungu kilikwisha. Haukupita muda, asubuhi ghala likaanza kunuka viazi.

Awamu ya pili ikafika. Winchi na mkewe walisimama kwenye uzio. Sista alikuwa na zamu, hakuweza kuja. Filimbi ikalia, na Tiara akaanza kupanda. Taratibu. Mpira begani, mdomo wazi kidogo, pumzi ndani, pumzi nje.

"Huyu anakwenda sokoni?" mtu mmoja akauliza, watu wakacheka.

Mikono ya Winchi ilishika uzio mpaka ikauma. Neno "Mbio!" lilimpanda mpaka kooni. Akalimeza. Mama Tiara akamshika mkono.

Tiara akapita pale alipokaa chini mara ile. Hakushika ukuta. Hapo ndipo alipoongeza mwendo, kidogo, halafu kidogo tena. Wale waliocheka wakanyoosha shingo kumtazama. Akapotea kwenye ghorofa ya juu kabisa. Uwanja mzima ukasubiri. Winchi hakuweza kuona kitu.

Kisha sauti ikashuka kutoka juu, safi, nzima.

"Afande! Nimepita ngazi kuu! Ghorofa zote hazina mtu! Mpira uko juu, tayari kwa maji!"

"Rudia!" ofisa akaamuru.

Tiara akarudia yote, neno kwa neno, na kila mtu uwanjani akamsikia. Mama Tiara akapiga kigelegele, walinzi wa lango wakageuka.

Ofisa akashuka pamoja na Tiara, akaja naye mpaka kwenye uzio. Alikuwa anatabasamu.

"Jumatatu aanze mafunzo," akasema. Kisha akamtazama Winchi. "Mzee, huyu si ndiye aliyekaa chini mara ile? Mlimlisha nini?"

Winchi alimtazama binti yake, jasho linamtoka, macho yanamng'aa, anahema vizuri tu kama mtu aliyetoka kutembea.

"Viazi, afande," akasema, machozi yakimtiririka mbele za watu. "Viazi na hewa."